Darubini ya Mzee

Mwembetanga, Unguja
Jumatano usiku

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, mie mzima na nyumba yote wazima, alhamdulillah, isipokuwa mdogo ana mafua, na nadhani nimemletea mwenyewe kutoka bara. Natumai na nyinyi huko Wete hamjambo, na magoti ya Bi Mkubwa yamepata nafuu.

Najua umenipigia mara tatu na sikupokea. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nimekaa naitazama simu ikilia mpaka inyamaze, na mke wangu ananitazama mie. Yako maneno hayafai kusemwa kwa simu, mtu akakukatiza katikati akaanza kupiga kelele hujafika hata nusu. Kwa hivyo nakuandikia, na barua nampa Raya, anapanda boti Jumamosi. Usimwache akarudi mikono mitupu, halua ya huko tumeikosa tangu Idd.

Jambo lenyewe ni darubini ya marehemu Mzee. Ipo. Haikupotea wala haikuibiwa. Kamba yake imekatika na jicho la kushoto lina ufa. Haya, nimeshasema. Sasa kaa kitako nikuhadithie, maana Raya atakwambia imeliwa na simba, na hilo si kweli. Si kweli lote.

Unajua tulikwenda Arusha kwa harusi ya Khamis. Harusi ilikwenda salama, pilau tele, hotuba fupi. Kumbe mwenyewe alishapanga kuwa sisi wageni wa kisiwani, kabla ya kurudi, twende Ngorongoro kwa siku moja: usiku tulale Karatu, alfajiri tushuke shimoni, magharibi itukute tumeshatoka. Tukachangishana. Kule kila mtu ana kiingilio chake, halafu gari nayo inalipiwa peke yake kushuka chini, tena pesa nzito, kwa hivyo mkenda wawili ni maumivu, mkenda sita mnapumua kidogo. Tulikuwa sita: mie, Raya na mumewe, Shangazi Zuwena, Maalim, na yule kijana wa Chukwani ambaye hakufunga mdomo tangu Karatu mpaka Karatu.

Geti la Loduare linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Tulifika kabla, na gari zimeshapanga foleni mbele yetu. Ukishaingia unapanda msituni, na baridi, yakhe! Kipupwe cha kwetu ni mchezo wa watoto. Mdomoni mwangu moshi unatoka kama nimevuta sigara. Shangazi alikuwa na sweta mbili chini ya buibui, na mkononi ule mwamvuli wake wa mpini wa kupinda. Tukamcheka: Shangazi, mwamvuli wa nini ndani ya gari? Akasema mtu hatoki kwake bila mwamvuli, na akaukumbatia. Huo mwamvuli uuweke akilini.

Juu kabisa, pale magari yanaposimama watu watazame, hatukuona kitu. Ukungu. Kuanzia miguuni mwetu mpaka mbinguni ni weupe. Shangazi akatazama, akageuka, akauliza kwa utulivu, "Ndilo tulilolipia hili? Mbona sufi tupu?" Dereva akacheka mpaka akajifuta macho. Kijana wa Karatu huyo, mpole, anaijua kazi yake. Akatwambia subirini, na kweli, tulipokuwa tunateremka barabara ya Seneto ule ukungu ukafunguka kama pazia la mlangoni linavyosukumwa na upepo, na chini yetu tukaona bonde lote. Hata kijana wa Chukwani alinyamaza. Nusu dakika.

Dereva akaanza kueleza kreta ilivyotokea, na Maalim, unamjua, hakuvumilia. Akasema isiitwe kreta, hiyo ni kaldera: mlima ulitapika moto mpaka tumbo likawa tupu, halafu kichwa chake kikaporomokea humo ndani, miaka milioni mbili au tatu iliyopita. Kuta zilizobaki zina kimo cha mita 600 hivi. Chini pametandaa kilomita za mraba kama 260. Nikapiga hesabu: Pemba nzima haifiki 1,000. Yaani shimo lile ni robo ya Pemba, Hamadi, na ndani yake mna nyumbu, mna ziwa, mna msitu. Kila nilipogeuka nilikuta ukuta. Macho yangu yalikuwa yanatafuta bahari kwa mazoea, hayaioni, nikawa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Nilimwahidi mwanangu picha ya twiga. Nakwambia mapema, ukimpeleka mtoto usimwahidi twiga. Hakuna hata mmoja kule chini. Dereva anasema zile kuta ni kali mno kwa miguu yao. Nimemletea picha ya ngiri na bado hajanisamehe. Wanyama wengine ni wengi kama mbuzi wa barabarani: pundamilia wamenona, nyati wanakukazia macho kama unadaiwa nao, fisi amelala ndani ya dimbwi la tope, kichwa tu nje, amestarehe kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Ila faru ndiye aliyenifanya nikumbuke Mzee.

Redio ya gari ilikuwa inakoroma muda wote, madereva wanapeana habari kwa Kiswahili cha haraka haraka. Ghafla dereva wetu akakata kona, tukenda, tukasimama nyuma ya gari nyingine kama kumi. Yuko wapi? Kule. Kule wapi? Nikaona doa jeusi mbali, katikati ya majani makavu, ningesema ni jiwe. Watu wenye simu wanapiga picha za jiwe. Nikaitoa darubini kwenye kifuko chake.

Hamadi, nilimwona kama amesimama uwanjani kwetu. Masikio yanageuka, moja huku na jingine huko, kila moja na shughuli yake. Mgongoni ndege mdogo anatembea. Alikuwa anakula bila haraka, anasogeza kichwa, na ile pembe inatangulia. Dereva akasema majangili walikaribia kuwamaliza kabisa, sasa wanalindwa usiku na mchana, na kwamba wengi wanaoshuka siku moja huondoka wameliona doa tu. Sisi tulimwona. Shangazi alitazama kwa darubini muda mrefu mpaka mume wa Raya akaanza kukohoa. Na mie nikamkumbuka Mzee pale barazani, akiitazama bandari, anatwambia jahazi la nani linaingia kabla sisi hatujaona hata tanga, na sisi tumekaa chini hatuthubutu kuigusa darubini yake. Nikasema moyoni, Hamadi amenikopesha kitu kikubwa.

Ulinikopesha na sharti moja. Najua. Nitafika huko.

Mchana tulikula Ngoitokitok, ni chemchemi yenye bwawa, viboko wamo ndani wanapumua kama pampu mbovu. Hapo unaruhusiwa kuteremka kwenye gari. Dereva alituonya tule ndani kwa sababu ya mwewe. Mume wa Raya akatoka na paja la kuku, mtu mzima na akili zake. Mwewe hakupiga hata kelele. Alipita nyuma ya sikio lake, na lile paja likenda naye, ikabaki mikwaruzo miwili kidoleni na mtu ameshika hewa. Tulicheka mpaka kiboko mmoja akatoa kichwa. Kisha tukatia udhu kwa maji ya chupa, tukatandika mkeka pembeni ya gari, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kisafiri, tumeuelekea ukuta wa kaskazini. Maalim akaswalisha. Kiboko anakoroma nyuma yetu, na kijana wa Chukwani, Mungu amsamehe, mabega yanamtikisika kwa kicheko katika rakaa ya pili.

Sasa darubini. Saa nane na kitu, njia ya kurudi upande wa ziwani. Ziwa Magadi lilikuwa limekauka nusu, chumvi nyeupe pembeni, na mbali mstari wa waridi, heroe. Raya ndiye aliyeona simba. Majike matatu njiani, jua kali, hakuna mti. Dereva akazima gari. Mmoja akanyanyuka, akaja kwetu taratibu, tumbo linayumba, nikasema huyu anakuja kwangu mie. Akafika ubavuni mwa gari akajibwaga kivulini. Wamezoea, anasema dereva, gari kwao ni mti. Paa lilikuwa limeinuliwa, tumesimama, nikiinama naona kwenye mgongo wake kovu na nzi wanalizunguka. Naisikia pumzi yake.

Nikataka kumpiga picha.

Darubini nilikuwa nimeiweka juu ya ukingo wa paa. Sijui ni kiwiko changu au cha kijana wa Chukwani, na simsingizii mtu. Nilichosikia ni kitu kinateleza juu ya bati, halafu mlio wa kutua. Kimya. Yule simba aligeuza kichwa tu. Akainusa. Kisha akaishika kwa makucha kama paka anavyoshika kichwa cha samaki, akaanza kuitafuna ile kamba ya ngozi, kwa upande wa mdomo, bila hamu, kama mtu anayetafuna mua kwa sababu hana la kufanya. Shangazi anasoma Ayatul Kursiyu. Dereva ananiambia kwa sauti ndogo, kaka, usiteremke, usithubutu hata kufikiri. Mie nilikuwa sifikirii kuteremka. Nilikuwa nafikiria boti ya Pemba na sura yako.

Alikaa nayo robo saa. Kamba ikakatika. Akachoka, akanyanyuka, akawafuata wenziwe. Dereva akasubiri wafike mbali, akasogeza gari mpaka darubini ikawa chini ya mlango wake, akafungua mlango upana wa kiganja, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka: "Mama, lete mwamvuli." Akaivuta kwa ule mpini wa kupinda. Shangazi hakusema neno. Alitutazama mmoja mmoja, tuliomcheka asubuhi, akaupokea mwamvuli wake, akaufuta kwa leso.

Safari iliyobaki sikuiona. Tulipita msitu wa Lerai, ile miti ya magome ya manjano, na tembo wawili madume wazee wenye meno yanayokaribia kugusa majani, watu wote wanashangaa, mie nimeshika darubini mapajani nahesabu alama za meno. Maalim akawa anazungumzia Olduvai, kwamba haiko mbali na pale, na kwamba lile fuvu la zamadamu lililopatikana huko mwaka 1959 waliliita Zinjanthropus kwa ajili ya Zinj, jina la zamani la Waarabu kwa pwani yetu hii. "Kwa hivyo," anasema, "marehemu ni Mzenji." Kila mtu akacheka. Hatukwenda huko, siku moja haitoshi, na saa kumi na mbili jioni unatakiwa uwe umeshatoka shimoni. Ukinisikiliza, ukenda wewe tafuta siku mbili, na usichukue kuku.

Hapo mwanzo nimekuandikia kuwa kamba imekatika. Ni kweli, lakini nimeiandika kama kwamba ndiyo sababu. Sharti lako lilikuwa isitoke shingoni. Uliniambia bandarini, ukaniambia tena kwa simu nilipokuwa Arusha. Kama ingekuwa shingoni isingeanguka. Niliivua kwa sababu ilikuwa inanikera nikipiga picha, na picha yenyewe imetoka ya mkia tu. Basi. Hilo ndilo lililonifanya nisipokee simu.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja Darajani, yule anayetengeneza saa. Jicho la kulia zima, bado linaona mpaka boti za nje ya bandari, nimelijaribu Forodhani. La kushoto anasema kioo chake kinaweza kubadilishwa akipata darubini nyingine mbovu ya aina ile, na amenitajia bei ambayo nitailipa mie, usibishane. Kamba alitaka kunitilia mpya siku ile ile. Nimemkatalia mpaka nikuulize. Vipande vyote viwili ninavyo, nimevifunga kwenye kitambaa.

Sasa nijibu. Nisubiri kioo au nikuletee kama ilivyo? Kamba ibadilishwe, au uitake hiyo hiyo yenye meno ya simba? Bi Mkubwa ameshajua? Kama hajajua, utamwambia wewe au nije mwenyewe nimwambie, na nije kabla ya karafuu au baada? Umekasirika kiasi gani? Na wewe uliyekaa naye miaka yote ile barazani, hebu niambie: Mzee angesikia kuwa darubini yake imemwona faru na ikatafunwa na simba siku moja, angecheka, au angenifukuza?

Mpe Raya jibu, hata mistari miwili. Simu nitapokea.

Wako,
Suleiman

Nimesahau: Shangazi anakusalimu, na anasema akija huko Pemba atakuja na mwamvuli.