Kambi za mitihani zimfikirie na mwenye baipola

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa shule za sekondari kabla kambi za kidato cha nne hazijaanza.

Mimi ni fundi seremala hapa Njombe. Mwanangu ana baipola, ugonjwa unaompandisha mtu hisia hadi asilale, kisha ukamshusha hadi kuoga kukamshinda. Anahudhuria kliniki, anameza dawa, na akiwa sawa ndiye anayewaelekeza wenzake Hisabati. Kinachomwangusha upesi ni kukosa usingizi. Daktari alitueleza hivyo mapema.

Alipokuwa kidato cha pili aliwekwa kambi: prepo hadi saa sita usiku, kengele saa kumi alfajiri. Wiki haikuisha. Daftari lake la Kemia ninalo. Kurasa za mwanzo mwandiko umetulia, halafu herufi zinanenepa, zinaruka mistari, mpaka jalada zima limejaa milinganyo isiyo na kichwa wala miguu. Aligawa viatu vyake bwenini. Darasani akawa anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Akachapwa kwa utovu wa nidhamu. Aliporudi kutoka matibabu, mzito, analalia dawati, akaitwa mvivu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka afya ya mwanafunzi izingatiwe. Yake haikuzingatiwa.

Mwalimu mmoja wa Biolojia, Mungu ambariki, alimruhusu kukaa na chupa ya maji na kwenda chooni bila kuomba, maana litiamu, dawa anayomeza, inatia kiu. Mikono ikitetemeka, jirani yake alimwandikia notsi. Na mwalimu huyo alipomsikia anaongea mbiombio alinipigia simu siku hiyohiyo, tukamwahi. Hayo hayakuigharimu shule hata shilingi.

Wazazi wenzangu, najua tunaogopa mtoto kuitwa kichaa. Lakini mwalimu tusipomwambia, ataona ukorofi tu.

Wakuu wa shule, mwanafunzi mwenye barua ya daktari aachwe alale saa tatu usiku, au asome kambi mchana na kurudi nyumbani jioni. Patroni na matroni wajue saa zake za dawa. Akiugua, apewe muda wa kufidia majaribio aliyokosa, asiandikiwe sifuri. Mwanangu anafanya mtihani wa taifa Novemba hii, na ratiba za kambi zinapangwa sasa.

Baba mzazi,
Njombe