"Akili mnemba inafanya bure, nyie mnachaji ya nini?"

Lawama hii tumeizoea, ila safari hii imefika hadi kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara: eti ofisi yetu hapa Mtwara inamlipisha mtu kazi ya wiki kadhaa ambayo akili mnemba inaimaliza kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ni kuhamisha mfumo ulioandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta, uwe wa PHP, lugha ya programu za mtandaoni, ufunguke kwenye simu na kwenye matawi yote. Aliyelalamika ni mteja wetu na hatujamnunia (sana).

Kubadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ni rahisi kweli. Hata sisi zana hizo tunazitumia. Unabandika msimbo, unasubiri kidogo, unapewa PHP safi kabisa. Inawaka, menyu zinafunguka. Balaa liko kwenye hesabu.

Chukua chama cha msingi cha korosho. Tuseme kuna kato la shilingi 25 kwa kilo na mkulima kapima kilo 62.5. Kato ni 1,562.50, na kwa kuwa hakuna anayelipa senti hamsini, mfumo unakadiria hadi shilingi nzima kwa amri iitwayo Round. Round ya Visual Basic 6 ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo inaandika 1,562. Round ya PHP, usipoielekeza vingine, inapanda hadi 1,563. Sasa weka kilo 63.5: kato ni 1,587.50, na hapo zote mbili zinasema 1,588. Ndiyo maana mtu anajaribu stakabadhi mbili tatu, anaona zinakubali, anafuta mfumo wa zamani. Shilingi moja ni ndogo, lakini hebu kasimame nayo mbele ya mkutano mkuu wa wakulima wa korosho uone.

Mhasibu mmoja wa upande wa Newala alituletea mfumo uliokwisha kuhamishwa kwa mtindo huo na kijana wa jirani. "Mwanangu, niangalizie tu hapo kwenye jumla," akasema. Mzee wangu, kwenye jumla palikuwa hapana kosa lolote. Ilibidi tuchukue hifadhidata ya msimu uliopita, tuipitishe kwenye mifumo yote miwili na kulinganisha stakabadhi kwa stakabadhi. Heri yake kompyuta ya zamani alikuwa hajaigawa. Alilipa zaidi kuliko angekuja mwanzoni, kwa sababu wakulima walikuwa wameshapewa stakabadhi zenye hesabu mpya, na hizo nazo zilitaka kusuluhishwa na vitabu.

Kuna na duka la vifaa vya ujenzi kule Lindi. Ankara zilipofika namba 32,767 mfumo uligoma, maana aina ya namba iitwayo Integer katika Visual Basic 6 ndipo inapoishia. Karani, mtu mwenye akili zake, akanakili hifadhidata nzima pembeni, akafuta ankara, akaanza upya na namba 1. Bosi hana habari. Tungehamisha msimbo peke yake, madeni ya wateja wa faili la kwanza yangebaki hukohuko, na kila namba ya ankara mpya ingekuwa na pacha wake. Hakuna zana ya bure itakayokuuliza kama una faili jingine kwenye diski D. Sisi tunauliza, tena tunamuuliza karani, si bosi.

Wengine wanatulaumu kwamba mfumo mpya "unakwama", wa zamani haukuwahi. Haukukwama kwa sababu aliyeuandika aliweka On Error Resume Next, amri inayoiambia programu ikikuta kosa iliruke na kusonga mbele. Makosa yalikuwepo, mlikuwa hamuonyeshwi.

Kwa hiyo bei yetu haihesabu mistari ya msimbo. Inahesabu kila ripoti na kila kanuni ya makato tunayopaswa kuthibitisha. Mwisho wa kazi unapewa jedwali lililochapishwa: jibu la zamani, jibu jipya, tofauti na sababu yake. Mahali ambapo mfumo wa zamani ndio uliokuwa ukikosea, haturekebishi kimyakimya. Unaamua wewe, unasaini. Yule wa Dar anayekufanyia kwa nusu bei, mwombe jedwali hilo.

Na kama mfumo wako unafanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja na huhitaji simu wala tawi, usihame. Microsoft waliacha kuhudumia zana ya kuandikia Visual Basic 6 mwaka 2008, lakini programu zilizotengenezwa nayo bado zinafanya kazi hata kwenye Windows 11. Tumeshawarudisha watu nyumbani na fedha zao mfukoni. Mwenye faili la exe tu (programu iliyokwisha kutengenezwa), bila msimbo wake, ajue hapo hakuna kuhamisha. Ni kujenga upya, na bei yake ni nyingine.

Vyama vya msingi, njooni mapema, kabla ya Oktoba. Korosho zikishaanza kupanda mizani hatugusi mfumo wa mtu. Na leteni kompyuta nzima, si flashi.