Shukrani kwa dada wa matatu ya Kisumu–Kakamega

Dada uliyeketi nasi kiti cha nyuma Ijumaa jioni, jina hukuniachia, basi nakushukuru hapa mbele za watu.

Binti yangu ana bresi, zile waya za kupanga meno, na meno yake ya juu yametangulia ya chini. Kliniki walimpa raba ndogo za kuvuta taya, naye akazigomea: zinauma, zinaruka. Pale steji, raba moja ikaruka tena, machozi yakaanza.

Hukumgusa mdomo. Ulimpa dawa ya kusafisha mikono, ukawasha kamera ya simu yako iwe kioo, ukamwambia, "Anza nyuma, mamangu, kwenye ndoano ya gego la chini, kisha vuta mpaka chonge ya juu." Upande mmoja, halafu wa pili. Ulimweleza kwamba waya hupanga meno, ila raba ndizo huvuta safu ya juu nyuma na ya chini mbele hadi zikutane. Mvuto mwepesi usiokatizwa ndio unaofanya kazi, kwa hiyo azivae usiku na mchana kama alivyoagizwa, atoe akila na akipiga mswaki, abadilishe kila siku kwa kuwa hulegea. Na asivae mbili pamoja ili amalize haraka, maana mizizi ya meno huumia. Kumbe ndiyo mipango aliyokuwa nayo!

Kabla ya kushuka Chavakali ulisema maumivu yakizidi siku chache turudi kliniki. Wengine mle walikuwa wameshageukia dirisha.

Mliowahi kuvaa bresi, mkiona mtoto anahangaika na raba, mwonyesheni. Dada, anazivaa.