Hivi vimashine vya umeme wa kichwani vikaguliwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu anajiandaa na mitihani, kaagiza mtandaoni kimashine cha betri cha kupitisha umeme kichwani, eti atashika masomo haraka, siku ya tatu namkuta na alama nyekundu juu ya jicho la kushoto, saizi ya sarafu, kumbe ile sponji ya kimashine inayogusa ngozi ilikauka maji ya chumvi na yeye kaendelea tu. Iliniuma sana.

Sayansi yenyewe siipingi jamani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, waliwapitishia umeme mdogo wazee wa miaka 60 hadi 76 kwa dakika 25, na ile kumbukumbu ya muda mfupi, ya kushika namba ya simu mpaka uiandike, ikapanda mpaka wakalingana na vijana. Lakini pale umeme ulipangwa kufuata mdundo wa ubongo wa kila mtu, wataalamu wako pembeni, na tafiti nyingine za umeme huu zimekuta faida ndogo sana au hamna kabisa.

Wanaosimamia vifaa tiba wavikague kabla havijauzwa, na wazazi mliosoma mpaka hapa, angalieni leo droo za watoto wenu.