Mdogo wangu, nani alimwambia fundi apige rangi kamera ya mzee?

Mdogo wangu, simu yangu hupokei, na kwenye grupu la familia kila nikigusa hili jambo mama mdogo anaingia kati anasema yaishe, basi nakuandikia huku huku, wanaosoma wasome.

Kwanza ahsante kwa kuja kwenye sherehe. Dada alifurahi mno, na mama mpaka leo anawahadithia majirani ulivyocheza. Pesa ya ukumbi najua ilitoka mfukoni kwako na sijasahau.

Ila kamera jamani.

Mwezi wa 12 nilikukabidhi mwenyewe, ukasema unaipeleka kwa fundi Kariakoo afungue shata, kile kipazia cha kupitishia mwanga, maana ukiiweka sekunde moja inanata wazi, na asafishe fangasi ya kwenye lensi. Nikakubali kwa moyo mweupe. Yashica Mat 124G kama hii ya mzee, ya lensi mbili, moja juu moja chini, ilianza kutoka Japani 1970, mafuta ya ndani ya shata yakikaa miaka yote hiyo yanaganda, spidi za taratibu zinakwama huku ile ya haraka ya 1/500 ya sekunde bado inapiga vizuri tu, fundi anafungua anasafisha anafunga, hakuna mtu atakayelilia mafuta yaliyoganda. Hata kipima mwanga angekishughulikia nisingesema neno. Kile kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, siku hizi hazitengenezwi tena, ukiweka ya kawaida ya 1.5 sindano inadanganya, lakini si unajua mzee mwenyewe jua alikuwa analipima kwa macho.

Sasa ile ngozi ya nje ya kamera ilikuwa na kosa gani? Rangi je?

Sitasahau pale ukumbini Sinza. MC katangaza sapraizi, taa zikapunguzwa, ukaingia na kile kiboksi cha kioo, kamera nyeusi tii inang'aa na ngozi nyekundu kama kochi la saluni, watu makofi, simu zote juu. Mi nilikuwa nimekaa na mama. Mama akaitoa akaishika kama mzee alivyokuwa anaishika, mkono wa kulia chini, wa kushoto kwenye gurudumu la fokasi, halafu kidole gumba kikaanza kutafuta pale pembeni palipolika. Unapajua. Pale jasho lake lilipokula rangi mpaka chuma kikawa kinaonekana cheupe. Kidole kikapita, kikarudi, kikapita tena, hakuna kitu, laini. Akafungua mfuniko wa nyuma, kule ndani mzee alikokwangua herufi zake kwa msumari ili isichanganywe na za wenzake pale Mnazi Mmoja, napo pamepigwa rangi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni ileile?" Nikamjibu ndiyo mama. Akafunga, akakutabasamia. We ulikuwa unapiga selfi na MC.

Nakwambia hivi kwa sababu ulikuwa mdogo na labda hukumbuki vizuri. Mkanda mmoja wa 120 ulikuwa unatoa picha 12 tu, kwa hiyo mzee hakuwa anapiga ovyo, anainama anaangalia kioo cha juu muda mrefu, na aliyesimama mbele kwa kuwa hakodolewi macho analegea mwenyewe, bega linashuka, hapo ndo anabonyeza. Sisi tukichungulia mle tunaona anayeenda kulia anaenda kushoto tunacheka. Pale palipolika palitokana na kusubiri huko, sikukuu za Idi, harusi za Magomeni, picha za pasipoti za watu ambao sasa hivi wengi wao hawapo. Rangi mpya unaweza kupiga hata miaka 20 ijayo, haikimbii. Aliyoitoa yeye kwa kidole ukishaifunika, nani mwingine ataitoa?

Na lensi ya chini, ile inayopiga picha yenyewe, hapo ndo nashindwa kabisa. Fangasi inatoa asidi, inakula ule utando wa rangi unaouona ukiinamisha lensi kwenye mwanga, ikishakula panabaki doa na hakuna kusugua kutakakorudisha. Fundi wako kasugua mpaka utando uliokuwa mzima nao umeondoka. Ukiielekeza juani sasa picha inakuja na ukungu, nimejaribu mkanda mmoja nimeona.

Halafu umeandika kwenye grupu eti mi ndo niliiacha ioze kabatini. Hilo limeniuma. Fangasi ilikuwepo tangu mzee alipoifungia kwenye mfuko wake wa ngozi, na ngozi kwa hili joto na unyevu wa Dar inashika maji, kila mtu anayekaa huku anajua viatu vinavyoota ukungu. Mi ndo niliitoa kwenye ule mfuko, nikaitia kwenye kontena la plastiki na vile vipakti vinavyokuja na viatu vipya, naitoa inapata mwanga, nazungusha ule mkono wa kuvutia mkanda usikaze. Ingekuwa imeoza ungepata cha kupiga rangi? Miaka yote hiyo aliyekuwa nayo ni nani, we uko Mwanza, ukipiga simu unaulizia mambo mengine.

Ulisema pia imepanda bei. Haijapanda. Wakusanyaji wanataka yenye ngozi na rangi yake ya kiwandani hata kama imechakaa, na hata ingepanda, mi nawe tungemuuzia nani?

Sikuchukii, we ni mdogo wangu, na najua ulitaka mama afurahi. Hiyo nyekundu isiguswe tena na mtu, rangi isikwanguliwe, maana ukimwambia fundi aitoe atatoa na herufi kama bado zipo chini yake. Wewe nitumie tu namba yake. Nataka nimuulize kama ile ngozi ya zamani anayo bado, hata vipande, na zile skrubu alizobadilisha. Jumamosi nina nafasi, nitaenda mwenyewe Kariakoo, na kama anataka hela nitampa.