Mwanangu, hiyo hesabu yako

Mwanangu,

Ile sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara tatu. Unamwambia mjomba wako kwamba wakifa watu wengi leo ili mabilioni ya kesho waishi vizuri, hesabu inakubali. Mjomba alicheka. Mimi nilikosa usingizi. Jumapili unasafiri, na hesabu hiyo umeipakia begini?

Mfano wako wa ziwa nimeuelewa. Ni kweli 2024 Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nasi hapa Ujiji tukafunga mikanda. Lakini aliyelala njaa Juni ndiye huyohuyo aliyenunua migebuka Agosti. Hao unaowatoa wewe watakula lini?

Na anayehesabu ni nani? Hapo ulipita mbio. Kamboja 1975 wakubwa walisema wanaianza nchi upya. Kufika 1979 wamekufa watu kama milioni 1.7, na hiyo nchi mpya haikuonekana. Ya Rwanda 1994 sikuelezi, umekua na watoto wa waliovuka. Anayeshika kalamu hajiandiki kwenye orodha ya wa kufa, wala mama yake.

Simlaumu mwalimu wako kwa hesabu hiyo. Mwaka 2015, kipindupindu kilipowashika wakimbizi wa Burundi kule Kagunga, meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini, kuna mtu alisema sokoni heri wafie hukohuko watoto wetu wapone. Wenzake wakaitikia. Wewe ulikuwa umemshikia kikapu. Nilidhani mtoto wa darasa la tano hasikii.

Basi huko chuoni wakikuletea hizo hesabu, uliza kwanza: nani anahesabu? Uliza hata wakikuona mshamba. Kichwa unacho, namshukuru Mungu, kwetu hakuna aliyefika ulikofika wewe. Ila kichwa hichohicho kimeshindwa kukumbuka kumpigia bibi yako tangu Idi.

Mawese nimeyatia kwenye dumu dogo, nimelifunga mifuko miwili. Usilichanganye na nguo kama safari ile. Kadi ya homa ya manjano iko kwenye bahasha ya kaki. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anataka hela yote mkononi kabla hajapanda juu, nimemkatalia. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu.

Mpigie bibi kabla ya Jumapili. Mchana, usiku hasikii simu.

Mama yako