Kurasa zako thelathini na moja

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mswada wako wa filamu fupi nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Una kurasa 31. Kwa makadirio tunayotumia, ukurasa mmoja kwa dakika moja, hiyo ni nusu saa. Nikashika kichwa, maana na mimi nilianzia hapo hapo.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na dakika 28. Kwenye tuzo za Oscar filamu huhesabiwa fupi hadi dakika 40, orodha ya majina ya mwishoni ikiwemo, kwa hiyo nikajiona niko salama. Sikujua kuwa mashindano ya filamu fupi ya tamasha la Cannes, Ufaransa, yana kikomo cha dakika 15, wala sikufikiria kuwa wapangaji wa matamasha hukusanya filamu kadhaa katika onyesho moja, na dakika 28 hula nafasi ya wenzako wawili. Nililipa ada za kuwasilisha kila mahali. Majibu yakawa yale yale: hapana.

Nikarudi kuhariri. Kulikuwa na mama anayepiga pasi shati la mwanawe aliyeondoka, nami nilimwandikia maneno ya dakika mbili nzima. Niliyafuta yote. Ukabaki mkono wake umetulia juu ya kola, pasi imesimama kando ikitoa mvuke, na saa ya ukutani inagonga. Nilipoitazama usiku ule nililia. Na ile sauti ya saa nisingekuwa nayo kama mshika maikrofoni wetu asingetuomba tunyamaze nusu dakika arekodi ukimya wa chumba. Mimi nilinung'unika kuwa anatupotezea muda! Sasa sitoki lokesheni bila ukimya huo. Picha yenye giza kidogo mtazamaji ataivumilia, ila sauti mbovu humwondoa kwenye kiti.

Umeuliza kama uache kazi uishi kwa filamu. Usiache. Filamu fupi hununuliwa kwa nadra na kwa bei ndogo. Mimi mwenyewe naishi kwa kuhariri kazi za watu, na filamu zangu nazifanya wikendi. Najua utanitajia Damien Chazelle, yule mwongozaji wa filamu ya Whiplash. Ni kweli, alichukua onyesho moja la mswada wa filamu ndefu aliokuwa nao, akalifanya filamu ya dakika 18, ikashinda kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2013, na 2014 ile ndefu ikazinduliwa pale pale. Lakini mswada mrefu alikuwa nao tayari. Kama wako haupo, andika hii fupi kwa sababu unaipenda yenyewe.

Ule wimbo maarufu wa ukurasa wa 6 utoe. Haki zake zinaweza kugharimu kuliko filamu nzima, na bila idhini ya maandishi huwezi kuionyesha popote. Waigizaji nao waandikishe mkataba kabla ya siku ya kwanza, hata kama ni binamu zako.

Kata ufike kurasa 12. Anza pale msichana anapofika mlangoni. Yote ya kabla ya hapo tutayaona usoni mwake. Ila ukurasa wa 19, anaporudisha funguo bila kusema neno, usiuguse hata nukta. Niliusoma nikiwa nimesimama.

Nasubiri rasimu mpya.

Wako akupendaye.